Kijiti cha Pakou

Wanafunzi walikuwa ishirini na wanne. Vijiti kwenye kopo vilikuwa ishirini na vitatu. Aliyeijua hesabu hiyo ni mtu mmoja tu, naye ni mwenye kopo, Mwalimu Odete Borba, na kama ungemuuliza mwezi wa pili angekuapia kwamba amefanya jambo la utu.

Sasa, huyu Odete si mwalimu wa kubabaisha, msije mkamdhania vibaya mapema. Alikuwa binti wa wafuga ng'ombe wa maziwa, Wareno wa visiwani waliohamia lile bonde la California tangu enzi za babu yake, na biolojia ameifundisha kwenye chuo cha jamii pale mjini miaka ishirini na sita. Chuo cha jamii kinampokea kila anayebisha hodi: aliyeacha shule, aliyetoka jeshini, mama wa watoto watano, kijana aliyetoka shambani kutikisa miti ya lozi na bado ana vumbi kwenye nyusi. Odete aliwapenda kikwelikweli. Ila miaka nenda miaka rudi aliona ni walewale watatu wanne wa mbele wanaonyoosha mikono, wengine wamegeuka fanicha. Akaenda semina, akarudi na vijiti.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kila mwanafunzi ana kijiti cha aiskrimu chenye jina lake, na vijiti vyote viko kwenye kopo moja. Mwalimu anauliza swali, anasubiri watu wafikiri, halafu anachomoa kijiti bila kuangalia. Aliyetajwa anapewa kijiti chake mkononi, anajibu, kisha anakirudisha mwenyewe kwenye kopo. Hakuna kipenzi wala wa kusahaulika. Walimu wenzake walimtania, "Haya, mganga kaja na vijiti vyake," lakini wakampa uenyekiti wa kamati ya elimu jumuishi, naye kila akisimama kwenye mkutano husema, kifua mbele, "Darasani kwangu kila jina linaitwa." Ameyasema hayo mara ngapi, Mungu ndiye anayejua.

Wiki ya pili ya Januari, ukungu umeziba madirisha, Odete aliuliza kwa nini zabibu kavu ikilowekwa inavimba. Kijiti kikatoka: Pakou Thao.

Pakou alikuwa mama wa miaka arobaini na minne, wa watu wa Hmong wa milima ya Laos, mwili mdogo ndani ya koti la mumewe. Aliingia bondeni na miaka ishirini na mitano kutoka kambi ya wakimbizi kule Thailand, na Kiingereza chake alikiokota kwenye meza ya mboga sokoni. Alipoitwa akasimama. Hakuna anayesimama darasani kwa Odete, lakini Pakou alisimama wima, mikono ubavuni, kama walivyofunzwa kambini. Akafungua mdomo. Kimya. Sekunde kumi zikapita, ishirini zikapita. Mtu akakohoa. Kule nyuma kiti kikalia. Uso wa mama wa watu ukaiva, midomo inacheza, neno halitoki.

Na Odete, ambaye semina ilimfundisha kusubiri, ambaye yeye mwenyewe huwafundisha wenzake kusubiri, akashindwa. Huruma ilimkaba. "Basi, mpenzi, kaa tu," akasema kwa sauti laini. "Si lazima. Nani atamsaidia?" Mkono wa Isidro, kijana aliyekaa meza moja na Pakou, ukapanda juu. Pakou akakaa.

Watu walipotoka, Odete akakitafuta kile kijiti ndani ya kopo, akakitia kwenye droo ya ofisini kwake. Asimdhalilishe tena yule mama. Huruma! Hapo ndipo mambo yalipoanza kuoza.

Mwanzoni dhamiri haikumsumbua. Alilala usingizi wake. Ila kadiri wiki zilivyokwenda akaanza kuona kitu. Kila anapolitikisa kopo, Pakou anaweka kalamu chini, anakaa sawa, anamtazama usoni. Likitajwa jina la mwingine, anaichukua kalamu, anaandika. Odete akajiambia, maskini, anaomba asiitwe, afadhali nilivyofanya. Akajidanganya hivyo hadi mwezi wa tatu. Halafu siku moja akamwangalia vizuri akaona kwamba yule mama haogopi hata kidogo. Anasubiri.

Basi kirudishe, si ukirudishe tu! Hata yeye alijiambia hivyo, si mara moja. Lakini je, akiganda tena? Na je, atasema nini akiulizwa kilikuwa wapi? Kila wiki iliyopita ilifanya ya mbele iwe ngumu zaidi, na Odete akawa kama mtu aliyesahau jina la jirani kwa muda mrefu mpaka sasa anaona aibu kuuliza. Akaanza kukwepa macho ya ile meza.

Mwezi huohuo wa tatu, siku ya kupima wanga kwenye viazi, kiwiko cha Isidro kiligonga chupa ya iodini, yote ikamwagikia ndani ya kopo la vijiti. Odete alivianika dirishani, lakini wapi, vilikwishageuka kahawia vyote.

"Mwalimu, tumekuwa rangi moja sote!" Isidro akapiga kelele. "Hiyo sasa ndiyo elimu jumuishi yenyewe!"

Darasa zima likacheka, Odete akacheka nao. Pakou pia alicheka, mkono mdomoni.

Katikati ya Aprili, Pakou akabisha ofisini kwa Odete, mfuko wa mboga mkono mmoja, bahasha mkono wa pili.

"Hodi, Mwalimu. Una nafasi, au niende nirudi?"

"Pita, Pakou, pita. Jamani, njegere zote hizi? Sasa Jumamosi utauza nini?"

"Hizo ni zilizopinda. Zilizonyooka ndizo za kuuza."

"Kumbe mimi ni wa zilizopinda!"

"Utamu ni uleule, Mwalimu, we kula tu," Pakou akasema huku akicheka, akavuta kiti.

Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu ya kuomba kozi ya wahudumu wa mashine za kupumulia, hapohapo chuoni. Nafasi zilikuwa kumi na sita kwa mwaka, na waombaji zaidi ya mia. Fomu ilitaka barua ya mwalimu wa sayansi.

"Mama yangu alikufa akiwa kwenye ile mashine," Pakou akasema. "Miaka mitatu sasa. Daktari anaongea, sisi tunatazamana. Mkalimani wa kwenye simu hapatikani. Aliyetutafsiria ni binti yangu, Mwalimu, mtoto wa miaka kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyemwambia bibi yake kwamba mashine haisaidii tena. Tangu siku hiyo mtoto hakupenda tena kuongea Kihmong. Basi nikasema, yule wa kusimama pale na kueleza nataka niwe mimi. Asiwe mtoto wa mtu."

Odete akasema atamwandikia barua nzuri, asiwe na wasiwasi.

"Wasiwasi wangu ni hapa." Pakou akaweka kidole kwenye ukurasa wa mwisho. Mwalimu aliulizwa mwombaji ameeleza jambo la sayansi kwa mdomo mbele ya darasa mara ngapi, na vilikuwapo visanduku vinne: hajawahi, mara moja, mara chache, mara nyingi. Kila kisanduku na alama zake. "Unajua bahati yangu ilivyo mbaya. Isidro ametoka mara saba. Yule bwana wa jeshini mara tano. Mimi nilitoka ile moja, nikasimama kama kisiki. Na najiandaa, Mwalimu! Kila Jumanne na Alhamisi nafika saa nzima kabla. Nakaa kwenye gari kule maegeshoni, najiuliza maswali ya sura nzima, najijibu kwa sauti. Mlinzi ameniona naongea na usukani, siku hizi akinikuta anazunguka njia nyingine."

Alikuwa anacheka. Odete alijaribu kucheka naye, uso ukamgomea.

"Na hizi unazijua?" Pakou akapandisha mkono wa koti. Kifundoni palikuwa na nyuzi nyeupe, zimechakaa, kama sita hivi. Odete alikuwa akiziona miezi mitatu, akidhani ni urembo. "Baada ya ile siku nilikuwa silali, chakula hakipiti. Mama mkwe akasema roho yangu imeshtuka, imebaki darasani kwako. Akasimama mlangoni na yai na mchele na ubani, akaiita kwa jina langu, njoo nyumbani Pakou, njoo Pakou, mpaka ikarudi. Shemeji zangu wakaja, wakamaliza kuku wangu wawili, wakanifunga nyuzi. Midomo yao sasa! 'Roho yako imejiandikisha chuo kabla yako!' Basi nikasema, roho imekuja, mimi niko kamili, kilichobaki ni mwalimu aniite." Akashusha mkono wa koti. "Ndiyo nasubiri."

Droo ilikuwa kwenye goti la Odete. Angenyoosha mkono tu. Moyo ulimwambia sema, sema sasa hivi, huyu mama atakusikiliza. Akafungua mdomo.

"Ni bahati tu, Pakou," akasema. "Vijiti havina macho."

Loo! Mwanamke mtu mzima, na nywele zake nyeupe, anamtazama mwenzake usoni na kumwambia maneno kama hayo. Mlango ulipofungwa Odete alijishika kichwa. Alijiona mchafu. Halafu, badala ya kumkimbilia yule mama ukumbini, akaanza kupanga ujanja.

Ujanja wenyewe: Alhamisi atakificha kile kijiti kiganjani, ataingiza mkono koponi, atakitoa kana kwamba kimetoka chenyewe. Pakou atajibu, kisanduku cha "mara moja" kitakuwa cha halali. Jumanne atamtoa tena, na Alhamisi tena, na kabla fomu haijafungwa Ijumaa ya wiki hiyo watakuwa wamefika "mara chache". Hakuna atakayeumia wala kujua.

Alhamisi ikafika. Sura ilikuwa ya mapafu. Odete akauliza kwa nini oksijeni inatoka kwenye vifuko vya mapafu kwenda kwenye damu, na si kutoka kwenye damu kwenda kwenye vifuko. Akawapa muda wa kufikiri. Mkono ukaingia koponi kama wa mwizi, ukatoka.

"Pakou Thao."

"Heee! Shangazi, leo ndiyo leo!" Isidro akapiga meza.

Pakou alikwishasimama. Odete akamkabidhi kijiti, kama ulivyo utaratibu, na kilipotoka tu vidoleni mwake ndipo akakiona. Kilikuwa cheupe. Cheupe kama kilivyotoka dukani, wakati kopo zima la wenzake lilikuwa kahawia ya iodini. Kichwa chote hicho cha sayansi, na jambo dogo kama hilo halikumpitia akilini!

Pakou akakitazama kijiti. Akalitazama kopo. Akakitazama kijiti tena.

"Mwalimu, mbona hicho hakina—" Isidro akaanza. Pakou akamshika mkono wa shati, naye akanyamaza.

Safari hii Odete alisubiri, kwa sababu hakuwa na mdomo wa kusemea. Alitamani sakafu ipasuke.

"Hewa haina akili," Pakou akasema, taratibu, bila kutazama kitabu. "Inatoka ilikojaa, inakwenda ilikopungua. Damu ikifika kwenye mapafu imetoka mbali, oksijeni yote imekwishagawa mwilini, imerudi mikono mitupu. Kifuko kimejaa. Katikati yao pana utando, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, basi oksijeni inavuka. Lakini utando ukivimba, mtu anavuta hewa, kifuko kinajaa, haivuki. Anazama na yuko nchi kavu. Hapo ndipo mnaona wanaweka mashine, isukume. Mashine haiponyi. Inasukuma tu, watu wapate muda." Akamtazama mwalimu. "Nimemaliza."

Waliruka kwa makofi. Yule bwana wa jeshini alipiga mluzi. Pakou akatoka kwenye meza yake, akakitia kijiti ndani ya kopo katikati ya vile vya kahawia, akarudi kukaa. Kipindi chote kilichobaki Odete hakujua anafundisha nini.

Watu walipotawanyika, Pakou alibaki, anakunja daftari zake polepole. Isidro alisitasita mlangoni, akaambiwa kwa macho aende.

"Tangu lini?" Pakou akauliza.

"Siku ileile ya Januari."

"Na juzi nikiwa ofisini kwako?"

"Kilikuwa kwenye droo. Hapo karibu yako. Pakou, nilikuhurumia. Nilikuona ulivyosimama umeteseka, nikaona nisikutese tena. Nimekosa. Nimekosa vibaya sana."

Pakou akasema bila ukali wowote, na bora angefoka:

"Sikuwa nimeogopa, Mwalimu. Jibu nilikuwa nalo lote, kwa lugha yangu. Nilikuwa natafuta neno moja tu la Kiingereza, la kuita utando. Lilikuwa limefika hapa." Akagusa koo. "Ungenipa sekunde mbili tu. Ukaniambia kaa. Hapo ndipo roho iliposhtuka, si kwenye swali."

Odete alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Machozi yalimjia, akayazuia, maana aliona hata kulia hapo ni kujipa kisichokuwa chake.

"Tuko wangapi?" Pakou akauliza.

"Vipi?"

"Kwenye droo. Mtu hawezi kufanya hivi mara ya kwanza kwa wepesi huo. Tuko wangapi?"

Angeweza kusema uongo. Alikwishazoea. "Tisa," akasema. "Miaka sita. Mmoja alikuwa na kigugumizi. Mmoja mzee mno. Wengine..." Hakumaliza. Kati ya hao wengine, wanne hakukumbuka tena kwa nini aliwatoa.

Pakou akatoa ile fomu mfukoni, akaikunjua mezani. Odete akaivuta haraka.

"Nitaweka 'mara nyingi'. Ni haki yako, Pakou. Ningekuita ungejibu mara nyingi, leo nimesikia mwenyewe, kila mtu amesikia. Hakuna atakayeuliza."

Pakou aliitazama kalamu ya mwalimu. Aliitazama kwa muda, na usidhani hakutamani. Watu zaidi ya mia, nafasi kumi na sita, na kila alama ni roho ya mtu.

"Naitaka ile nafasi, Mwalimu. Naitaka kuliko unavyojua. Lakini ukiandika hivyo utakuwa umenitoa tena, umemweka mwingine asiyekuwapo. Andika moja, leo hii; wiki ijayo kijiti changu kikitoka kitoke chenyewe. Na chini pale penye mistari, andika kwa nini ni moja."

Odete aliandika. Aliandika kwamba mwombaji huyu ameongea mbele ya darasa mara moja tu kwa sababu yeye, mwalimu wake, alilitoa jina lake kwenye kopo siku ya kwanza alipochelewa kujibu. Kwamba alichokisikia siku hiyo moja ni maelezo bora kuliko yote ya muhula. Na kwamba si yeye peke yake aliyetolewa. Akatia saini, na cheo cha uenyekiti akakiandika pia. Fomu zilisomwa na walimu wenzake wa korido ileile. Tangu hapo hakuna aliyemtania habari za uganga. Walimsalimia kwa heshima, wakapita, na hiyo ilimchoma kuliko matusi. Wiki iliyofuata akauachia uenyekiti.

Orodha ilibandikwa katikati ya Mei. Majina kumi na sita yalichukuliwa, na chini ya mstari wakawekwa wa akiba. Pakou Thao alikuwa wa kumi na saba, kapungukiwa alama moja. Barua waliisoma, na wapo walioguswa nayo, lakini kisanduku ni kisanduku. Odete alisimama mbele ya ule ubao mpaka mwanafunzi mmoja akamwomba apishe.

Jumamosi hakuvumilia, akaenda sokoni. Jua lilikuwa limeshapanda, watu wanasukumana kwenye meza ya Pakou, mchaichai, vitunguu vya majani, maharagwe marefu yamefungwa mafungumafungu. Mama mkwe amekaa nyuma chini ya mwavuli, anapanga pilipili. Odete akapenya mpaka mbele.

"Mwalimu," Pakou akasema. "Umeona ubao."

"Nimeona. Pakou, nimekuja nikuombe—"

"Usiniombe hapa."

Alisema kwa sauti ya chini, mikono haikuacha kufunga mboga za mteja.

"Mwakani nitaomba tena, utaniandikia tena, hilo tutaongea. Lakini msamaha usiniombe, si hapa wala si leo. Mimi nimelelewa hivi, Mwalimu: mwalimu wangu akisimama mbele ya watu akaniomba msamaha, inanibidi nimjibu kwamba si kitu. Nitajibu, mdomo wenyewe utajibu, na wewe utakwenda nyumbani umepoa." Akamkabidhi mteja mfuko wake, akamshukuru, ndipo akainua macho. "Na ni kitu. Ni mwaka wangu mzima."